Kiti cha Mwana Mboni

Zama zile miji ya pwani ilipokuwa ikinyang'anyana bara, hapakuwa na mtawala aliyetawazwa ila juu ya kiti cha mpingo. Mpingo hutoka bara. Asiye nao hana rafiki huko, na mji usio na rafiki bara huliwa. Ndipo Mwana Mboni, malkia mteule, akamwagiza Shekue, mkereza wake wa mbao, miguu minne ya kiti kabla ya Ijumaa ya kutawazwa, na huko mji jirani wananoa mikuki.

Shekue hakuwa na wasiwasi. Mpingo aliletewa na Komora, mwindaji wa bara, nduguye wa kuchanjiana. Walikula ini moja la kuku lililopakwa damu zao. Magogo yakaja meusi, yameganda tope. Mwingine angeyakwangua kwa kisu. Lakini mzigo wa ndugu haukwanguliwi mbele yake, ni kumwita mwizi. Wakala, wakacheka, Komora akaenda zake.

Asubuhi Shekue akafunga gogo kwenye keezo la kuzungushia mbao, akatia patasi. Yakaruka maranda mekundu. Lahaula! Mkoko mtupu, uliolazwa topeni hata ukasawijika! Akajaribu la pili, la tatu, yale yale. Akaketi chini akalia, mtu mzima na ndevu zake.

Kesho yake wapelelezi wakaleta habari: Komora kawapa maadui mpingo kwa bunduki tano za fatila, za kuwashwa kwa utambi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Shekue, akaenda kwa Mwana. "Bibi yangu, mpingo sina. Nina moyo wa mkwaju wa kale, mweusi, hauliwi na mdudu. Nitaukereza, ila utangaze kuwa ni mkwaju. Mimi nimedanganywa, sitaudanganya mji."

"Kereza. Nitasema kweli."

Ijumaa siwa, baragumu la enzi, ikalia. Mwana akaketi, kiti kisitikisike, akanyanyua mkono: "Tazameni mpingo! Katuletea Komora, ndugu yetu wa bara. Nani atatugusa?"

Mji ukalipuka kwa vigelegele. Maadui waliposikia, wakamdhania Komora ndumilakuwili, wakahofu bara liko upande wa Mwana, wakaghairi vita.

"Bibi, uliniahidi," akasema Shekue.

"Mji umeokoka, Shekue. Wataka nini tena?"

Shekue akafunga patasi zake ndani ya shuka, akahama asirudi. Wallahi, uchungu aliotiwa na Komora ulikuwa nusu tu; nusu ya pili alitiwa na bibi yake mwenyewe. Na wazee wa mji ule, ukiwauliza habari za kiti, watakuimbia sifa za Komora, ndugu mwaminifu. Mkereza? Watakwambia hawamjui.