Kucha za Plastiki

"Kitambaa changu hakijawahi kuvuka ule utepe mwekundu wa meza yako ya maabara," alisema Edineia, akichomoa kibanio cha nguo mdomoni ili maneno yatoke vizuri. "Ukilirudia neno hilo la 'mchafu', Dalva, lirudie mbele ya mashahidi."

Mashahidi walikuwa tele. Ijumaa saa kumi na moja jioni, kichochoro chote cha mtaa wa Olaria huwa nje: huyu anaanua nguo, yule anamwagilia maua, mwingine anajifanya anamwagilia. Bi Zuleide wa dirisha la juu alikuwa amepunguza redio, jambo asilolifanya hata siku ya fainali ya mpira.

"Chumba kile kina funguo mbili," Dalva alijibu kutoka upande wake wa ukuta. "Mmoja ninao mimi, wa pili unao wewe. Mimi sijagusa kitu kwa mkono mtupu. Sasa kabaki nani?"

"Kabaki shetani. Kamuulize yeye."

Mtu mmoja alicheka, akaona wenzake hawacheki, akanyamaza.

Wanawake hao walikuwa majirani kwa miaka kumi na mitano. Dalva alikuwa fundi wa maabara katika chuo kikuu, ng'ambo ya daraja, kwenye kisiwa cha Fundão. Yeye ndiye aliyemtafutia Edineia kazi ya kusafisha vyumba na kuosha vyombo vya maabara hiyo. Yeye pia ndiye aliyemshika Jussara, binti wa Edineia, kanisani siku ya ubatizo. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nyumba hizo mbili zilikula maharage meusi kutoka sufuria moja. Leo walikuwa wakirushiana maneno kama watu waliokutana jana kwenye foleni.

Jussara alikuwa amekaa kizingitini na kitabu cha hesabu magotini. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu ugomvi uanze alikuwa amesoma mstari mmoja mara tisa, na bado asingeweza kukuambia ulihusu nini.

Dalva aliwaeleza majirani, maana sasa alikuwa hasemi na Edineia peke yake. Wiki nane nzima alitengeneza kipande kidogo cha RNA, uzi ule ambao virusi vya homa ya dengue hubebea maagizo yake. Na nani katika kichochoro hicho hakuwahi kulazwa na dengue? Uzi huo hujikunja, na maabara ilitaka kujua umbo la mkunjo wake, ili siku moja ipatikane dawa ya kuushika hapo hapo. Jicho haliwezi kuliona umbo hilo. Kwa hiyo walitia kipande katika mrija mwembamba wa kioo, wakaushusha ndani ya mashine ya sumaku, na mashine ikazisikiliza atomu zikijibu, moja moja, kwa vilele vinavyochorwa kwenye skrini. Jumanne vilele vya mkunjo vilikuwa kumi na vinne. Alhamisi hakikubaki hata kimoja. Uzi ulikuwa umekatikakatika vipande.

"Na kinachoikata RNA si wembe," Dalva alisema. "Ni jasho la kidole. Mtu kaishika meza yangu mkono mtupu."

Kisha akapunguza sauti, na hilo lilimtisha Jussara kuliko kelele. Nusu ya RNA ilikuwa imebaki kwenye friza, nusu ya mwisho. Meza ameisugua kwa spiriti mara tatu. Kesho asubuhi anakwenda kuiweka katika mrija mpya, kwa sababu zamu yao ya mashine inaanza mchana, na vyuo vingine vimepanga foleni nyuma yao. Na Jumatatu Profesa, mkuu wa maabara, anataka jina la aliyeharibu.

Edineia alikusanya nguo zake, nusu bado mbichi, akaingia ndani. Kampuni ya usafi ilikuwa imemwajiri kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Jina moja tu lingefika ofisini, mkataba usingeandikwa tena.

Jussara alilijua jina la aliyeharibu. Lilikuwa limeandikwa kwenye jalada la kitabu chake cha hesabu.

Jumatatu ya wiki ile ile shule ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mkutano wa walimu, na mama yake alikwenda naye kazini. Akamketisha chumba cha chai, akamwambia asitie mguu nje. Jussara alikaa dakika ishirini. Mlango wa maabara ulikuwa wazi, na ndani hapakuwa na mtu. Kwenye meza yenye utepe mwekundu palikuwa na sanduku la ncha za plastiki, zile zinazochomekwa kwenye kifaa cha kunyonyea matone, zimepangwa safu safu, nyembamba na ndefu. Akafunua kifuniko. Akachomeka moja kidoleni, kisha ya pili, mpaka vidole vitano vikawa na kucha kama za chui. Akakwaruza hewa mbele ya kioo cha dirisha, akacheka. Moja ikaanguka mezani, akaiokota kwa kuibana penye mwisho wake mwembamba. Aliposikia hatua za viatu akazirudisha zote tano, kila moja tunduni mwake, akafunika, akatoroka. Hakuna kilichovunjika, hakuna kilichomwagika. Alikuwa ameshasahau kabla ya chakula cha mchana.

Sasa alielewa. Dalva alikuwa ameisugua meza, lakini sanduku lililofunikwa hakulishuku mtu. Kesho angelifungua, achukue ncha, anyonyee nusu ya mwisho.

Jioni hiyo Edineia aliloweka maharage. Alipima vikombe vinne, vya nyumba mbili, kwa mazoea. Akasimama akiyatazama. Hakuyapunguza.

"Mama," Jussara alianza.

"Si sasa, mwanangu. Kichwa kinaniuma."

Na Jussara, Mungu amsamehe, alishukuru kwamba si sasa. Alijilaza akijiambia mambo mengi. Kwamba huenda Mama Dalva akachukua ncha nyingine. Kwamba katika sanduku mna ncha karibu mia, na zake ni tano tu. Kwamba akisema, mama yake ataulizwa kwa nini alileta mtoto kazini, na mkataba utakwenda vilevile. Kila alipopata sababu nzuri ya kunyamaza, aligeukia upande mwingine wa kitanda.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu alisikia komeo la jirani. Alitoka pekupeku, akamkuta Dalva mwanzoni mwa kichochoro na mfuko wake wa kazi.

"Na wewe umetumwa kuja kunitukana?" Dalva aliuliza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Usitumie lile sanduku la ncha, Mama Dalva." Maneno yalitoka yakigongana. "Nilizivaa. Jumatatu. Nilizivaa vidoleni kama kucha. Mama hajui."

Dalva aliweka mfuko chini. Hakufoka. Aliuliza ncha ngapi, safu ya ngapi, alizishika wapi, kama daktari anavyouliza mgonjwa. Jussara alijibu yote. Alipoinua uso, mama yake alikuwa amesimama nyuma, mwiko mkononi, naye alikuwa amesikia.

Jussara alingoja kofi. Halikuja. Edineia aliushusha mwiko, na mtoto akatamani kofi lingekuja.

"Jana mimi niliitwa mchafu mbele ya watu," alisema mama taratibu, "na wewe umekaa kizingitini unasikiliza."

"Mama, mimi..."

"Vaa viatu. Uliingia mle ndani bila mimi, na kusema utakwenda kusema bila mimi. Nina maharage motoni." Akamgeukia Dalva, bila kumtazama usoni. "Mpeleke kwa Profesa. Umrudishe mzima."

Walipanda basi. Walivuka daraja, maji ya ghuba yakinuka matope kama kawaida yake, na Dalva aliangalia dirishani mpaka kituo cha mwisho.

Profesa Quaresma alikuwa mzee mrefu, amevaa kandambili, maana ilikuwa Jumamosi. Alisikiliza akiwa amesimama. Alimuuliza Dalva kama mtoto aliruhusiwa kuingia, na Dalva akasema hapana, ila mlango aliuacha wazi yeye mwenyewe alipokwenda kupokea simu. Hilo hakuwa amemwambia mtu.

Profesa alifungua daftari la maabara, akalisukuma mbele ya Jussara pamoja na kalamu. "Andika ulichofanya. Siku, saa, ncha ngapi. Usiandike kwamba unaomba radhi, hapa hatuandiki hivyo. Andika kilichotokea."

Aliandika. Mistari minne. Chini yake Dalva akaandika na yeye kuhusu mlango.

Sanduku likatupwa. Dalva akavaa glavu mpya, akafungua sanduku jipya la ncha, lililokuwa bado limefungwa kwa gundi ya kiwandani, akainyonya nusu ya mwisho na kuishusha katika mrija mwembamba kama mrija wa soda. Kabla ya kuingia chumba cha sumaku, kila mtu aliacha chuma chake kwenye bakuli la mlangoni: funguo, saa, hereni za Dalva, vibanio vya nywele vya Jussara. Mashine ilisimama ndani kama chupa kubwa ya chai, ndefu kuliko watu wawili, ikipumua taratibu. Mrija ukateremka ndani yake. Wakakaa kungoja.

Hapo ndipo Jussara alipojua kungoja ni nini. Kwenye skrini mstari ulikuwa umetulia, umejaa mawimbi madogo kama vijinyasi tu. Ikapita nusu saa. Vijinyasi vikaanza kuinuka upande wa kushoto. Dalva alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kumi na kimoja. Kumi na viwili. Viwili vya mwisho vilikuwa vifupi, vimeegemeana kama walevi, lakini vilikuwepo.

"Kumi na vinne," alisema Dalva, akamgeukia Profesa.

"Vifupi," alisema Profesa. "Nusu ya mzigo, nusu ya sauti. Itabidi tusikilize siku nne badala ya moja, na kwa siku hizo tutalazimika kuwaomba wenzetu watupishe. Wiki nane za Dalva hazirudi, Jussara. Nataka ulijue hilo."

Jussara alitikisa kichwa kuonyesha anajua.

"Lakini sikiliza. Mashine hii haidanganyi. Alhamisi ilituambia uzi umekatika, na ulikuwa umekatika kweli. Haikutuambia nani wala kwa nini, hayo tuliyajaza wenyewe. Tukamlaumu asiyehusika, kwa hiyo tukasafisha pasipohusika, na leo tungeharibu mara ya pili. Kosa lako la Jumatatu lilikuwa la kitoto. Kosa la jana lilikuwa kunyamaza, na hilo ndilo lingetumaliza. Ukiharibu, sema mapema, wakati bado kuna nusu."

Kuhusu Edineia alisema mtoto asipite tena chumba cha chai, na kwamba Jumatatu hakuna jina litakalokwenda ofisi yoyote. Kisha akamtazama Dalva, akamwambia kuna mtu Olaria anayemdai neno. Dalva akasema anajua.

Walirudi saa nane mchana. Harufu ya maharage, nyama ya chumvi na kitunguu saumu ilikuwa imefika mpaka kituo cha basi. Kichochoroni kila mtu alikuwa na shughuli ya ghafla nje ya mlango wake, na Bi Zuleide alikuwa amezima redio kabisa.

Dalva alisimama nje ya mlango wa Edineia. Hakuvuka kizingiti.

"Nilikuita mchafu mbele ya watu," alisema kwa sauti ya kufika dirisha la juu, "kwa hiyo nasema mbele ya watu. Halikuwa kosa lako. Mlango niliuacha wazi mimi. Nisamehe, Edineia."

Edineia alikuwa akikatakata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi. Kisu kikasimama. Jussara, katikati ya wawili hao, alihisi jasho la vidole vyake mwenyewe.

"Maneno yako yaliniuma," mama alisema. "Yataniuma na kesho pia."

"Najua."

"Na huyu ataosha sufuria zangu na zako mpaka mwezi ujao uishe." Akamnyooshea Jussara kisu, kisha akakiweka chini, akafuta mikono kwenye aproni. "Nilipika vikombe vinne. Unadhani vitaliwa na nani? Ingia, Dalva. Wali unapoa."