Kola ya Ukurasa wa Ishirini na Mbili

Saa nne ya asubuhi uwanja wa Place de la Poste ulikuwa unachemka: wauza vocha, wabadilisha dola, wanafunzi, mapolisi, kila mtu akimpigia mwenzake kelele. Katikati ya zogo hilo Émile Kangwa alisimama kando ya meza ya magazeti ya papa Chola, akijifanya anangoja mtu. Hakuwa anangoja mtu. Alikuwa anatazama kama kuna binadamu yeyote mjini Lubumbashi ambaye bado ananunua Clavier.

Clavier lilikuwa jarida la kompyuta, pana kama gazeti, la kutoka mara moja kwa mwezi, na Émile ndiye aliyeandika ukurasa wa ishirini na mbili. Kila mwezi aliweka pale programu ndogo, mstari kwa mstari, ili msomaji ainakili kwenye kompyuta yake na kuiona ikifanya kazi. Ndani yake alipanda kosa moja kwa makusudi. Aliyeligundua alijaza kuponi iliyo chini ya ukurasa, akaileta ofisini kwa mkono wake mwenyewe, na namba iliyofuata, yaani toleo la mwezi ujao, akapewa bure. Zamani foleni ya kuponi ilifika barabarani: wanafunzi wa chuo kikuu cha Kasapa, mafundi wa umeme wa migodini wenye kofia za chuma kwapani. Sasa miezi mitatu ilikuwa imepita bila kuponi hata moja.

"Émile, code iko bure ku téléphone," Madame Simone, mwenye jarida, alikuwa amemwambia. "Bantu benye kununua leo iko bale banangoja zamu ku salon ya nywele. Banataka bei ya simu, banataka photo. Mwezi moja tena bila kuponi, ile page inakufa. Na weye utatafuta kazi."

Ndipo akafika Huguette Chomba. Gauni la kitenge cha manjano, kiuno kimekatwa kwa mkono unaojua kazi, na utepe wa kupimia nguo bado unaning'inia shingoni. Alichukua Clavier, hakutazama jalada, hakutazama msichana wa simu wala bei. Alifungua moja kwa moja ukurasa wa ishirini na mbili, akapitisha kidole gumba juu yake, akatabasamu na kulipa.

Moyo wa Émile ulipiga kama mlango uliosukumwa na upepo.

"Pardon, mama. Ile page unaisomaka?"

"Page gani? Ile?" Huguette alimtazama: mrefu, miwani, macho ya mtu aliyelala na njaa. "Ah, papa, kila mwezi. Bila ile page kazi yangu inasimama."

"Mi njo mwenye kuiandika."

Tuseme ukweli sisi, kwa kuwa yeye hakuusema. Huguette alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Bel-Air. Kompyuta hakuwahi kuigusa. Alinunua Clavier kwa sababu ukurasa ule peke yake haukuwa na picha wala mng'ao: chaki ilishika vizuri, na mistari ya Émile ilikuwa imenyooka hata hakuhitaji rula. Alikuwa anakatia humo vielelezo vya kola za mashati. Mtu mkatili angemwambia hivyo palepale na mambo yangeisha. Huguette alikuwa na huruma, na kijana mwenyewe alikuwa anapendeza, kwa hiyo alidanganya.

"Kumbe njo weye!" alisema. "Unaandikaka muzuri sana."

"Na kosa ya mwezi huu utaipata?"

"Nikiipata utanipa nini?"

"Namba ya bure."

"Ile tu? Hata Fanta hapana?"

"Na Fanta," Émile alisema, masikio yakimwaka moto.

"Bon." Huguette alinyoosha mkono akaigusa kola yake. "Lakini hii kola yako ilikufa zamani. Hakuna muntu ku nyumba wa kukuambia?"

"Hakuna muntu."

"Sasa iko," alisema, akaondoka zake, na manjano yake yakapotea kati ya watu.

Jioni ileile alikwenda Kasapa kwa dada yake Dorine, mtoto wa mama yake mkubwa, msaidizi wa mwalimu wa kompyuta chuoni. Dorine alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Huguette, unataka kupata bwana na akili yangu?"

"Nitakushonea robe."

"Robe mbili."

Dorine aliupitia ukurasa kwa macho, akaweka alama. Siku tatu baadaye Huguette alipanda ngazi za Clavier na kuponi mkononi, na Madame Simone mwenyewe alitoka ofisini kuja kumtazama, kama mtu anayetazama mnyama ambaye alidhani aina yake imekwisha duniani.

Miezi mitatu ikaenda hivyo. Kuponi tatu, Fanta tatu, na baada ya Fanta michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, na baada ya michopo simu za asubuhi.

"Allô, mupenzi. Ulilala?"

"Nililala vipi na weye uliniachia programme ya mistari makumi tatu?"

"Ulifika wapi?"

"Nilifika penye nilianza kukuwaza. Mpaka pale."

Émile alikuwa anacheka peke yake kwenye meza yake kama punguani. Alianza kuandika vizuri kuliko zamani, kwa sababu sasa alijua anamwandikia nani. Hili ndilo lilikuwa jambo lake lote duniani: mtu mmoja asome. Si elfu, mmoja tu. Na mtu huyo alikuwa na shingo ndefu, na aliita kila kitu cha Émile "kale kako", yaani kile kidogo chako, kwa namna ya kumyeyusha mtu.

Basi mwezi wa Machi akaamua. Kusema kwa mdomo alishindwa, maana mdomo wake haukuwahi kumsaidia katika jambo lolote. Alitunga programu ya mistari ishirini, iliyopewa namba kwa kuruka kumi kumi, kutoka 10 mpaka 200. Kwa macho zilikuwa namba tupu, lakini ukiinakili na kuiwasha, namba zinageuka herufi na kwenye skrini yanatokea maneno mawili: HUGUETTE, NIKUOE? Kosa alilipanda jepesi ili asimchoshe. Jarida likatoka. Émile hakula siku mbili.

Siku ya tatu Huguette akapanda ngazi, amevaa blauzi nyeupe ya mikono mipana, kuponi juu kama bendera.

"Ligne cent quarante, mia moja na makumi ine! Inatuma ku ligne yenye haiko. Kweli?"

"Kweli," Émile alisema, na akangoja.

Huguette naye akangoja. Alikuwa anangoja Fanta.

"Njo ile tu?" Émile aliuliza. "Hauna kitu ingine ya kuniambia?"

"Kitu gani? Iko makosa mbili?"

"Hapana. Iko moja."

Alipokea kuponi, akaiweka kwenye droo, akasema ana kazi nyingi. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya msiba. Huguette aliteremka ngazi asijue amekosa nini. Dorine alikuwa amelipata kosa kwa macho, kama kawaida, na hakuna mtu aliyewasha programu ile popote mjini.

Wiki nzima Huguette alipiga simu. Siku ya nane Émile akaitika.

"Chéri, juu ya nini hauitike?"

"Niko na kazi."

"Kazi gani yenye kukataza hata bonjour?"

"Huguette, jibu ulishaka kunipa. Usinicheze tena."

"Jibu gani? Émile? Jibu ya nini? Allô?"

Alikaa na simu mkononi, mbele ya cherehani, mpaka mteja akaondoka kwa kuchoka. Neno jibu halikumtoka kichwani. Jibu linatoka kwenye swali, na maswali yote ya Émile yalikuwa kwenye ukurasa ule. Akautafuta. Ukurasa wenyewe alikuwa ameshaukata: alikuwa anamshonea Émile shati jeupe la siri, na kola ya shati hilo ilikatiwa humo. Akarudi kwa papa Chola akanunua Clavier nyingine ya mwezi uleule, kutoka kwenye rundo lisilonunuliwa, akaenda Kasapa.

"Niliona kosa tu," Dorine alikiri. "Programme yenyewe sikuiandika. Nani anaandikaka bile bintu leo?"

"Mi nitaandika."

"Weye? Hata kuwasha machine haujue."

"Nionyeshe penye banawashaka. Nilimudanganya miezi mine, Dorine. Hata page moja tu, quand même, nitaisoma."

Jumanne tatu mfululizo, siku ambayo kompyuta ya Dorine ilikuwa na nafasi, Huguette alikaa mbele yake akigonga kwa vidole viwili, ulimi nje, akihesabu namba kama anavyohesabu vifungo. Alikosea, akafuta, akaanza upya. Alilia mara moja, kwa hasira.

Na Jumanne ya pili, wakati yuko huko, Émile alikwenda Bel-Air.

Alikuwa amemeza kiburi chake. Alitaka kusikia hapana kwa masikio yake, basi. Kibanda kilikuwa wazi, na mama Cathy, mshonaji aliyegawana chumba na Huguette, alikuwa anapiga pasi.

"Huguette hayuko. Weye njo nani?"

"Ni wa ku Clavier. Ya kompyuta."

"Ah! Ile magazine ya kola!" Mama Cathy alionyesha ukutani kwa kidole.

Kwenye msumari zilining'inia kurasa zake zote. Miezi minne, na mingine ya nyuma kabla hawajajuana. Zilikuwa zimekatwa kwa umbo la nusu mwezi, zimeandikwa kwa chaki vipimo vya shingo za wanaume. Ya juu kabisa ilikuwa ile ya Machi, na mkasi ulikuwa umepita katikati ya swali lake.

"Lakini anatafutaka makosa," Émile alisema. "Anaandikaka ku kompyuta."

"Huguette? Kompyuta?" Mama Cathy alicheka mpaka akaweka pasi chini. "Papa, hata calculatrice ya kupigia hesabu anaombaka kwangu! Makosa anayatafutaka dada yake wa ku Kasapa. Banamulipa na marobe."

Hakuuliza kola ile ya juu ni ya nani. Angeuliza, mama Cathy angemwambia, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha kitu. Lakini mwanamume aliyeaibishwa haulizi maswali, anatafuta mahali pa kuitua aibu yake.

Madame Simone alimkuta mezani asubuhi iliyofuata, macho mekundu, na Émile akamtolea habari yote kwa dakika kumi. Madame alimsikiliza bila kukohoa.

"Andika ile," alisema.

"Nini?"

"Ile yenye uliniambia sasa. Vile vile. Page vingt-deux, na dessin ya kuchora, ku papier ya kungaa. Bantu banapenda kucheka, Émile."

Aliandika kwa saa mbili, na haikumsumbua kama programu. Kichwa chake: Mushonaji na Kompyuta Yake. Jina la Huguette hakulitaja, muungwana alikuwa huyo. Alitaja Bel-Air, utepe shingoni, gauni la manjano, dada wa Kasapa anayelipwa kwa nguo. Aliandika jinsi fundi yule alivyoshika kuponi juu kama bendera. Aliandika "kale kako". Ilichekesha kweli, sikatai. Maumivu yake yote aliyageuza kichekesho, na kila sentensi ilipata pa kuchoma.

Clavier la Aprili lilitoka Jumanne. Saa sita mchana papa Chola hakuwa na nakala hata moja, na saa nane foleni ilikuwa imerudi kwenye ngazi za ofisi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Wasusi, wanafunzi, wanawake wenye nywele zilizosukwa nusu. Walisomeana kwa sauti wakapigana mabega. Émile alisimama nyuma ya kaunta akiuza mwenyewe. Alikuwa na wasomaji.

Saa tisa foleni ikagawanyika, na Huguette akapita katikati, akitokea Kasapa moja kwa moja. Alikuwa amevaa gauni lilelile la manjano la Place de la Poste, amelipiga pasi kwa makusudi. Mkono mmoja ulikuwa na mfuko wa plastiki, mwingine kuponi. Nyuma yake mtu alisema, "Njo ye!" na mwingine akaziba mdomo.

Hakuwasikia. Alikuwa anamtazama Émile tu.

"Émile, nilikudanganya," alisema. "Zile kuponi zote ilikuwa Dorine. Lakini hii njo yangu. Niliandika yote, siku tatu, na hii mikono. Soma."

Aliiweka kwenye kaunta. Penye mstari wa kosa palikuwa na 140. Chini yake, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyeacha shule mapema, palikuwa na neno moja: Ndiyo.

Émile alilisoma. Akalisoma tena. Alifungua mdomo, na mdomo, kama kawaida yake, haukumsaidia.

"Kuponi iko juste?" Madame Simone aliuliza kutoka mlangoni, mwenye furaha ya mauzo. "Basi mupe namba yake. Ile njo règlement, sheria yetu." Na kwa kuwa Émile hakusogea, alichukua nakala ya mwisho yeye mwenyewe akampa Huguette mkononi.

Huguette alifungua ukurasa wa ishirini na mbili, kwa mazoea. Alisoma akiwa amesimama. Alisoma polepole, kwa kuwa kusoma hakukuwa kazi yake, na foleni nzima ilimngoja amalize. Alipofika kwenye "kale kako" alirudi nyuma akalisoma tena. Alimaliza mpaka sahihi ya chini. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya karatasi, kama alivyofanya siku ya kwanza.

"Mulibadirisha papier," alisema. "Chaki haitashika tena."

Aliliweka jarida juu ya kaunta, juu yake akaweka mfuko, akageuka. Watu walimpisha. Alipofika chini barabarani kicheko kimoja kilitoroka, kisha vingine vikakifuata.

Émile alimpigia simu mara kumi na moja. Hakuitika siku ile, wala mwezi ule, na baadaye namba yenyewe ilikufa. Bel-Air mama Cathy alimfungia mlango usoni.

"Mwezi kesho tunaendelea na nini?" Madame Simone alikuwa ameuliza jioni ya Jumanne ile, akifunga madirisha. "Bantu banataka kujua kama balioana."

Émile alikuwa mezani pake. Alikuwa amefungua mfuko, na ndani mlikuwa na shati jeupe. Alivua la kwake akalivaa palepale ofisini, akafunga vifungo mpaka cha juu. Kola ilimkaa sawasawa.