Wasomaji Hamsini na Mmoja wa Fundi Saa

"Mume wangu, huyu Bibi Miwani ni nani?"

Fundi saa hakuinua uso. Kioo cha kukuzia kilikuwa kimebanwa kwenye jicho lake la kulia, na mbele yake saa ya mkono ilikuwa imefunuliwa matumbo yake yote.

"Mteja. Aliacha saa ya marehemu mumewe, hakurudi. Mwaka wa pili huu."

"Na Dereva Mpole?"

"Mteja."

"Na Mzee wa Kengele?"

Hapo kibanio kilimponyoka mkononi. Mkewe alikuwa amesimama kando ya meza, birika la chai mkono mmoja, mkono wa pili umeshika droo ya saa zilizosahauliwa. Kila saa ilikuwa na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi. Ilikuwa desturi ya fundi kuandika lakabu ya mteja badala ya jina, kwani jina, alisema, husahaulika, lakini sura ya mtu haisahauliki.

Lakabu zile mkewe alizijua. Alikuwa ameziandika yeye mwenyewe, moja baada ya moja, chini ya kurasa za kitabu chake.

Hapa yatubidi turudi nyuma hatua chache, tusije tukaachana njiani.

Bibi huyu alikuwa karani wa shule kwa miaka kumi na mitatu, na minne ya mwisho aliitumia kuandika riwaya. Wachapishaji waliirudisha mmoja baada ya mwingine. Akaazimia kuitoa mwenyewe, iwe kitabu cha kusomwa kwenye simu. Akatangaza mtandaoni: anayekitaka alipie kabla. Wakitimia wasomaji sitini, atamlipa mchoraji wa jalada na mpangaji wa kurasa. Wasipotimia, kila mtu atarudishiwa chake. Na kila nakala itabeba jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa, ili atakayeisambaza ovyo ajulikane.

Wiki tatu zikapita, wakapatikana tisa tu: dada, wifi, shangazi, na majirani walioona haya. Wiki ya nne wakamiminika hamsini na mmoja. Kitabu kikatoka. Naye kwa furaha akaandika barua ya kuacha kazi, na kiti chake pale shuleni kikapata mwenyewe mwingine.

"Sema," alimwambia mumewe.

"Niseme nini, nawe umeshasoma?"

"Nataka kulisikia kwa kinywa chako."

Fundi akakivua kioo jichoni. "Ni mimi. Wote hamsini na mmoja. Nilifungua anwani za barua pepe kwa lakabu hizo, nikalipia kidogo kidogo usishtuke."

"Kwa fedha ipi?"

Macho yake yalimsaliti. Yalikwenda pembeni, palipokuwa na mashine ya kusafishia saa. Mbao za meza pale zilikuwa tupu, na alama za miguu minne ya mashine bado nyeupe.

"Uliniambia imepelekwa kutengenezwa."

"Nilikuona ukiamka na kuishika simu kabla hujanawa uso. Tisa. Kesho yake, tisa. Ulikuwa unakonda kwa hiyo tisa, mke wangu. Ningefanyaje?"

"Ungeniacha nishindwe! Kushindwa kwangu ni kwangu. Leo sina kazi, sina wasomaji, na hata huko kushindwa kwenyewe umeninyang'anya."

"Nilifanya kwa mapenzi."

"Hilo silikatai. Nakuuliza jingine." Akaliweka birika chini polepole. "Hizo nakala hamsini na moja, umefungua ngapi?"

Saa za ukutani ziliendelea kubishana, kila moja na dakika yake.

"Kazi zilikuwa nyingi."

"Ngapi?"

"Wajua nasoma kwa kufuata kidole. Nilingoja nipate utulivu."

"Subhanallah. Umenunua mara hamsini na moja, hukusoma hata mara moja. Basi laiti ungefunua jalada tu! Ubeti wa kwanza ungekusemesha."

Akausoma kwa sauti kavu, kama asomaye hati ya mahakama:

"Moyo kitu cha amana, haulipwi kwa fidia;
wema wa kudanganyana, ni moto wa kufukia."

Fundi akainamisha kichwa.

"Na unajua nilianzaje kushuku?" mkewe aliendelea. "Kuna kosa ndani ya kile kitabu. Kosa la aibu, asomaye huku anasinzia angeliona. Nililigundua siku tatu baada ya kuwatumia watu. Nikajifungia ndani nikingoja matusi. Hakuna aliyetukana. Watu sitini! Nikasema, hawa ama ni malaika ama ni maiti."

"Kosa gani?"

"Sikuambii. Ungesoma, ungelijua."

Akatoka. Chai ikapoa pale pale, haikumiminwa.

Dada yake mkubwa, mshonaji, alimpokea kwa godoro na ulimi.

"Mwanamume ameuza mashine yake kwa ajili yako, nawe wamkimbia? Wenzio waume zao huwauzia masufuria yao!"

"Dada, wewe kitabu changu ulikisoma?"

Dada akainama kukata uzi kwa meno, na uzi ule ukachukua muda mrefu kukatika.

"Nilikifungua."

"Ukaona nini?"

"Jalada zuri, mashallah."

Dada akarudi kwenye cherehani yake.

Siku ya pili bibi yule alitangaza mtandaoni: *Ndugu zangu, wasomaji hawakutimia sitini. Walikuwa tisa. Kila aliyelipa atarudishiwa chake, na kitabu abaki nacho.*

"Umevuliwa nguo gizani," dada alifoka, "sasa wajiwashia taa?"

"Niliahidi mbele ya Mungu na mbele ya watu, dada."

Akawarudishia wote tisa kutoka katika mshahara wake wa mwisho. Wanane walijibu "ahsante". Wa tisa hakujibu. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, naye akashinda dirishani akimtolea dada yake nyuzi za viraka, hali roho yake imekaa mbali. Alijiuliza kama miaka minne ile ilikuwa kazi au ugonjwa. Mumewe hakumpigia simu hata mara moja, na hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukiri.

Siku ya sita, baada ya sala ya alasiri, ujumbe uliingia.

*Mke wangu, assalaam alaykum. Nimefunga kibanda tangu ulipoondoka. Nina swali, usinikasirikie. Yule bibi mzee tulimzika ukurasa wa thelathini na moja, nikamlilia peke yangu. Imekuwaje ukurasa wa hamsini na nane anaomba aongezwe sukari kwenye chai?*

Akausoma mara mbili. Kisha akacheka kicheko kilichogeuka kilio, hata dada yake akaisimamisha cherehani.

"Kuna msiba?"

"Kuna mtu amesoma, dada."

Akaandika: *Umefika wapi sasa?*

*Hapo hapo. Sijafunua mbele. Naogopa asije akafa tena.*

*Umesoma nakala ya nani?*

*Ya Bibi Miwani. Lakini jina lake nimelifunika kwa kidole kila ukurasa. Niliona haya kusoma kwa jina la mtu.*

Akaiweka simu mapajani. Kazi ilikuwa imekwenda, mashine imekwenda, na uwongo ule haukuwa umesameheka bado. Hayo aliyajua. Hata hivyo akauvuta mswada wake kwenye simu, akafungua ukurasa wa hamsini na nane, akamtoa marehemu mezani kwa adabu, na kile kikombe cha chai akampa mgane wa bibi yule mzee.

Chini ya kila ukurasa wa nakala ile mpya akaandika jina la mumewe, si lakabu, akaituma.

Alikuwa na msomaji mmoja. Lakini huyo hakuwa wa kununuliwa.