Skrubu Nne Kwenye Kisosi

Ukuta ulikuwa mtupu. Pale ilipotundikwa televisheni bapa ya HD, inchi hamsini na mbili, kilibaki chuma cha kutundikia tu. Chini yake alikaa Dominiko, mwenye nyumba, bado na sare yake ya kiwandani Mzinga, ameshika tama.

Inspekta Kibwana alivua kofia mlangoni. Nusura atoe pole ya msiba.

"Uliiona mara ya mwisho lini?"

"Alfajiri, nilipokwenda kazini. Leo nimeomba ruhusa, nimewahi kurudi, nakuta hivi."

"Mlango umevunjwa?"

"Hapana, afande."

"Nyumbani alikuwepo nani?"

Dominiko akatazama vidole vya miguu yake. "Mke wangu Regina yuko sokoni tangu asubuhi. Sebuleni hakukuwa na mtu."

Kibwana aliliweka akilini lile neno, sebuleni. Alikuwa mpelelezi wa miaka mingi, mnene, mcheshi, mwenye tabia ya kusikiliza zaidi kile ambacho mtu amekiruka.

"Nani alijua una televisheni?"

"Mtaa mzima wa Kilakala."

Na kweli. Enzi za kupanga foleni ya sabuni zilikwisha zamani, soko huria limejaza maduka vitu vya kila rangi, lakini televisheni kubwa kiasi kile ilikuwa haijafika mtaa ule. Dominiko aliifuata mwenyewe Kariakoo. Akailipia siti yake kwenye basi, na kila aliyetaka kuegemea boksi alikemewa hadi stendi ya Msamvu, Morogoro. Jana fundi Said alipoitundika na kuiwasha, watoto wa jirani walirudi nyuma wakidhani mamba anatoka ukutani.

"Leo saa kumi binti yangu Esther anacheza fainali ya netiboli ya Afrika," Dominiko alisema. "Inaonyeshwa moja kwa moja. Bibi yake ndiye aliyemlea, na sasa macho yake yamepungua. Kwenye televisheni yetu ya zamani anaona siafu wanakimbizana. Nilitaka leo amwone mjukuu wake. Mara moja tu, amwone vizuri."

Saa ya Kibwana ilikuwa imeshapita tisa. Alimwonea huruma kweli, maana naye alilelewa na bibi.

Akaanza kukagua eneo la tukio. Juu ya meza, kwenye kisosi cha chai, skrubu nne za kile chuma zilikuwa zimepangwa vizuri. Akafuata ukuta kwa macho hadi dirishani. Waya wa dishi haukuwepo. Ekstensheni ya umeme nayo haikuwepo. Kibwana akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Umewahi kuona mwizi anayepanga skrubu kwenye kisosi?"

"Sijawahi kuona mwizi, afande."

"Mwizi wa televisheni hubeba akakimbia. Huyu alikuwa na nafasi, na alitaka kuirudisha. Tena waya wa dishi auchukue wa nini, kama si kuuunganisha hapa hapa karibu?"

Kabla hajajibiwa, kelele zilisikika getini. Vijana wa mtaa walikuwa wakimburuta Said fundi, shati limechanika begani. Asubuhi alionekana akitoka humo na mkoba wake wa vifaa, na kwao ushahidi huo ulitosha kabisa.

"Mwachieni," Kibwana aliamuru. "Said, uliingia humu leo?"

"Niliingia, afande."

"Kufanya nini?"

Said akairudishia begani shati iliyochanika.

"Televisheni iko wapi?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Nikisema nitamfedhehesha mtu mzima. Bora mnipeleke kituoni."

Vijana wakaguna. Lakini Kibwana alijua kwamba mwizi husema sijui, na huyu alisema siwezi. Akamgeukia mwenye nyumba.

"Umetafuta uani?"

"Uani siendi."

"Uani kwako mwenyewe?"

"Tangu juzi siendi. Hata kuoga naoga kwa jirani."

"Kuna nini huko?"

"Mgeni."

"Mgeni gani?"

Dominiko akainamisha kichwa. "Mama yake Regina. Ametoka Mgeta, kule milimani, kuja kumtazama Esther akicheza. Tumempa chumba cha uani, karibu na jiko."

"Anaitwa nani?"

"Afande, mimi ni mkwe. Jina lake silitaji."

Kicheko kilimpanda Kibwana, akakirudisha chini kwa adabu. Yeye mwenyewe, pamoja na cheo chake chote, aliwahi kuruka ua wa michongoma siku alipokutana na mama mkwe wake kichochoroni. Dominiko alikuwa ameipekua nyumba kila kona, isipokuwa ile iliyofungwa na heshima.

Alipita mlango wa nyuma peke yake, akakohoa. "Hodi uani. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," sauti ilijibu kutoka jikoni. "Wewe ndiye polisi?"

"Ndiye mimi. Inspekta Kibwana."

"Yule kijana wanampiga?"

"Bado."

"Basi ingia upesi. Mwizi ni mimi, Theresia."

Ndani ya jiko, kati ya kinu na gunia la kabichi, televisheni ilisimama juu ya meza ya kukatia mboga, imefunikwa khanga isishike masizi. Waya wa dishi ulipita juu ya masufuria. Mbele yake palitandikwa mkeka, na pembeni alisimama bibi mdogo, mkavu, mikono kaikunja kifuani.

"Bibi, una haki ya kukaa kimya."

"Nikae kimya, kijana wa watu afungwe? Sikiliza. Regina aliniambia mkwe kanunua televisheni kubwa, nikae nao sebuleni tumtazame Esther. Mimi, nikae sebuleni na mkwe? Nikimwona yule mtoto sitatulia, nitaruka, nguo itanianguka, uso wangu nitauweka wapi? Nikasema narudi zangu Mgeta. Halafu nikawaza, nirudi sijamwona? Said alipokuja kukaza waya, nikamdanganya kwamba mwenye nyumba karuhusu ihamie huku. Aliposhtukia uongo wangu, nikamwapisha asinitaje. Mkwe hurudi jioni; sikudhani kiwandani watamwachia mapema, ila sikuthubutu kukaa sebuleni kwake asije akanikuta. Kabla ya jioni ingekuwa ukutani. Skrubu nilizipanga mwenyewe kwenye kisosi, zisipotee."

Akaishusha mikono. "Mwambie mkwe wangu anisamehe. Nilitaka kumwona mtoto, na sikutaka kumvunjia yeye heshima."

Nyuma ya mlango mtu alikohoa. Dominiko alikuwa amesikia yote, amesimama akiwapa kisogo.

"Afande," alisema akiutazama ukuta, "mwambie mama kosa ni langu. Nilipima ukuta, nikapima waya, sikupima yeye atakaa wapi. Ibaki huko jikoni. Mimi nitasikiliza kwa nje."

"Mwambie baba wa mtoto hawezi kusikiliza kwa nje," bibi alijibu akikitazama kinu. "Naye amwone."

Kibwana alikuwa amesuluhisha kesi nyingi za mipaka ya mashamba, lakini hii ilimtoa jasho. Saa kumi ilikuwa inagonga. Akaitazama kamba ya kuanikia nguo, akazitazama khanga za bibi, akapata jibu.

"Said, lete nyundo."

Walifunga kamba kuanzia hatua chache mbele ya televisheni hadi mlangoni, wakaning'iniza khanga, jiko likagawanyika mara mbili. Upande wa kinu walikaa bibi na Regina, aliyerudi na kapu lake na kukuta polisi jikoni kwake. Upande wa kabichi walikaa Dominiko, inspekta na Said, aliyekuwa amevaa shati la kijana mmoja wa waliomchania lake. Kila upande uliona kioo chote, na hakuna aliyemwona mkwe wake. Wale vijana walijazana dirishani, wamelifurahia pazia lile kupita mechi yenyewe.

Esther alitokea uwanjani.

"Namwona," bibi alisema taratibu. "Namwona hadi kovu la goti. Aliteleza kwenye matuta ya njegere, nikamfunga mimi kwa kitambaa changu."

Ilikuwa fainali ngumu. Dakika ya mwisho timu zilikuwa sawa. Esther akadaka mpira, akaruka, akarusha. Mpira ukazunguka kwenye pete kana kwamba unafikiria, kisha ukazama ndani.

Jiko lilipasuka kwa shangwe. Masufuria yalianguka. Upande wa kinu mtu aliruka kweli, na bila shaka nguo ilianguka, kama alivyotabiri mwenyewe.

"Mkwe," bibi aliita, bila kupitia kwa mtu, kwa mara ya kwanza tangu alipomwoza binti yake. "Umemwona?"

"Nimemwona, mama," Dominiko alijibu, machozi yakimtiririka.

Khanga zilibaki pale pale kwenye kamba. Inspekta Kibwana, macho yamemlowa, aliinama chini akijifanya anaitafuta kofia yake, ambayo alikuwa ameshaivaa tena kichwani.