Samaki wa Tano

Mwantum alishuka korongoni Gulwe jua likiwa limeegemea vilima, debe kichwani, kipande cha chandarua kiunoni. Alitumwa samaki. Si wa kitoweo, wa kutazamwa.

Alikuwa dobi katika nyumba ya Mjerumani msimamizi wa ujenzi wa reli. Mke wa Mjerumani huyo, ambaye watu wote walimwita Bibi, aliletewa sanduku la kioo kutoka pwani, akalijaza maji na mchanga, akaliweka sebuleni. Kambare wa kwanza kutiwa humo aliwamaliza wenzake kwa siku mbili. Basi Bibi akamwambia Mwantum, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Wewe chagua. Dogo. Pole. Hapana kula rafiki."

Mwantum akaitikia. Siku hizo aliitikia kila kitu. Tangu masika, mafuriko yalipomzoa mumewe Halfani pamoja na tuta la reli alilokuwa akilijenga, na maiti isionekane, hakuwa amelia. Ndugu walikuja kutoka Kondoa, wakampa pole, wakarudi. Yeye akafua nguo.

Bwawani alimkuta jirani yake wa Kigogo, Mama Matonya, akimalizia kuteka maji.

"Mbukwa, Mama Matonya."

"Mbukwa, mwenzangu. Saa hizi unatafuta nini huku?"

Akamweleza. Mama Matonya akasogea, akanong'ona.

"Chukua wanaokukimbia. Atakayekujia mwenyewe... mwache."

"Kwa nini?"

"Maji haya yamekula watu mwaka huu, na tambiko halijafanyika." Akajitwika mtungi, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Mwantum aliingia mpaka magotini. Alichagua kama mtu anayechambua mchele. Kambare, hapana. Perege, hapana, angekua, sanduku lisimtoshe. Mwishowe akapata samaki wanne wadogo, wekundu, wenye mapezi ya samawati. Wote walimkimbia. Akawatia debeni.

Ndipo vyura wakanyamaza.

Ikaja harufu... Tumbaku iliyochanganywa na magadi, kama ile aliyotafuna Halfani.

Kitu kikamgusa kiganjani. Samaki mdogo, mweupe, asiye na haraka. Akamlalia mkononi.

"Mama Kimya... nichague."

Jina hilo alikuwa akiitwa na mtu mmoja tu duniani.

Moyo haukumruka. Alifungua vidole tu, akasema polepole, "Sikuchagui," akatoka majini.

Nyumbani kwa Bibi akawamimina samaki sandukuni. Bibi akawahesabu kwa kidole.

"Moja, mbili, tatu, nne... tano! Tano, Mwantum! Zuri sana!"

Alikuwa amechukua wanne.

Siku ya tatu wale wekundu hawakuwepo. Hakuna mwiba, hakuna gamba. Alibaki yule mweupe, tumbo bapa, kana kwamba hajala kitu. Bibi naye aliacha kula. Mumewe alikuwa safarini, na yeye alishinda kitini, paji la uso limegandamana na kioo, nywele zikichuruzika maji hata mchana wa jua kali.

Siku ya sita, alasiri, Mwantum aliingia na shuka alizopiga pasi. Bibi akanena bila kugeuka. Hakunena Kijerumani, wala kile Kiswahili chake. Alinena Kirangi safi, lugha ya kwao Halfani, kwa sauti nzito ya mwanamume.

"Nilikuita kwa upole, Mama Kimya, ukanikataa. Huyu amenifungulia mlango. Nikimmaliza nitapata miguu... Tutarudi kwetu."

Maji ya tope yakamtiririka Bibi puani, taratibu, yakadondokea gauni.

Mwantum aliweka shuka mezani, akazinyoosha pembe. Kisha akazamisha mkono sandukuni.

Samaki akamjia.

Akamtoa nje, akamweka juu ya jiwe lililochomwa na jua, akachuchumaa kumtazama. Samaki alitapatapa. Akafungua mdomo, akafunga. Kila alipofungua, Mwantum alisikia jina lake, likififia. Alingoja apatwe na kitu: huruma, hofu, chochote. Alikaa pale mpaka magamba yakakauka.

Ndani, Bibi alikohoa, akaomba maji kwa lugha ya kwao. Hakukumbuka lolote.

Jioni, Mwantum alipomsimulia, Mama Matonya aliuliza, "Ulimrudisha bwawani?"

"Nilimwanika juani."

Mama Matonya akarudi nyuma hatua moja, kama anayemwogopa. Tangu kesho yake akawa anateka maji korongo la mbali.

Mwezi uliofuata shemeji yake Yahaya alifika kutoka Kondoa pamoja na mkewe na mtoto mchanga. Walikuwa wamempa mtoto jina la Halfani.

"Nyumbani wote wanasema ni kaka mtupu," Yahaya alisema, akimpakatisha Mwantum mtoto. "Lakini wewe ndiye uliyemjua zaidi. Mtazame, shemeji. Hajafanana naye?"

Mwantum akamtazama mtoto. Akaitafuta kumbukumbuni pua ya mumewe. Akatafuta macho. Akatafuta sauti, hata kicheko, hata kikohozi. Akatafuta tena. Hapakuwa na kitu. Palikuwa peupe, kama ukuta uliopakwa chokaa.

Yahaya na mkewe walikuwa wakingoja, wakitabasamu.

"Amefanana," akasema Mwantum, kwa kuwa ndivyo watu wasemavyo, akamrudisha mtoto kwa mama yake.