Mguu Chini ya Pedali

Haya yalimpata dada yangu, tumbo moja, na mimi nilikuwepo, mwanangu nimembeba mgongoni. Ilikuwa mchana. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia habari kama hii hudhani ilikuwa usiku na msimuliaji ana usingizi. Jua lilikuwa linachoma. Tulikuwa tumetoka kuanika nguo.

Dada alikuwa amepata kazi. Kiwanda kidogo cha mikate mtaa wa pili kilimtaka asambaze mikate madukani kila asubuhi, kwa sharti kwamba awe na chombo chake mwenyewe. Aanze Jumatatu, la sivyo nafasi apewe mtu mwingine. Na chombo alikuwa nacho. Pikipiki ya marehemu mume wake, ile ile aliyofundishiwa kuendesha, ilikuwa imefungiwa stoo nyuma ya nyumba ya mama mkwe wake tangu wiki ya mazishi. Wakati ule mtoto wake wa mwisho alikuwa bado tumboni. Sasa anasoma chekechea, na viatu vyake vimetoboka.

Marehemu alifia kwenye mteremko wa darajani. Breki zilikataa, akagonga ukuta wa daraja. Pikipiki yenyewe ilikutwa majanini, haina hata kioo kilichopasuka. Aliyeikokota hadi nyumbani ni mdogo wake marehemu, na aliyeifungia stoo ni huyo huyo.

Huyo shemeji tulimwita Komeo, kwa kuwa alifunga kila kitu. Alifunga stoo, alifunga choo cha nje, alifunga hata kabati la sukari la mama yake mzazi. Kaka yake alipozikwa alihamia chumba chake, akavaa saa yake, akachukua karakana yake ya kuchomelea vyuma. Dada alibaki na watoto na godoro, kwenye chumba kimoja cha uani hapo hapo.

Jumamosi hiyo dada alimwendea kwa adabu.

"Shemeji, naomba ufunguo wa stoo. Nataka pikipiki yangu."

"Ile ni ya ukoo."

"Ukoo gani unapanda pikipiki moja?"

Majirani waliokuwa wakipita walicheka. Komeo hakucheka.

"Achana nayo, shemeji. Kile ni chuma kilichoua mtu."

"Mtu ameshakufa, na watoto wake wanakula. Nipe ufunguo."

Alimpa mgongo. Kumpa mgongo dada yangu lilikuwa kosa. Alikuwa amevumilia saa, karakana na chumba. Nilimwona anainama, anaokota nyundo iliyokuwa pembeni ya karai la kufulia, anaelekea stoo. Kufuli lilidondoka kwa pigo la tatu au la nne. Mama mkwe, aliyekuwa mlangoni anakunja nguo, aliita mara moja tu, "Wewe mke wa mwanangu!" kisha akaendelea kukunja.

Ndani mlinuka vumbi na panya. Pikipiki ilifunikwa turubai. Dada alilivuta, tukakohoa wote. Ilikuwa imesimamishwa ikitazama ukuta, kama mtoto aliyeadhibiwa darasani. Gurudumu lilifungwa mnyororo kwenye nguzo. Na kwenye usukani, kutoka mkono huu hadi mkono ule, kilizungushwa kitambaa cheusi chenye mafundo. Mafundo madogo madogo, yamekazwa sana.

Komeo alikuwa nyuma yetu. Sikumsikia akiingia.

"Hicho usikate," alinong'ona.

"Kwa nini?"

Akageuka kutazama mlango.

"Nakuuliza wewe. Kwa nini?"

"Kilifungwa na mtu anayejua. Kata mnyororo, kitambaa kiache."

Dada alimgeukia. Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida yake.

"Kwa hiyo wiki ile, mimi nikiwa nimelala sakafuni sina hata mtu wa kunishikia ndoo, wewe ulikuwa na muda wa kwenda kwa watu wanaojua."

Akachukua kisu kilichokuwa kwenye rafu ya stoo, akakata. Kitambaa kilianguka chini chote kwa mara moja. Pale sakafuni, mafundo yake yalikuwa yamefunguka yote.

Mnyororo dada aliuvunja kwa nyundo, tukaikokota hadi uani. Nilimpigia simu fundi wa kona, yule tunayemwita Grisi, ambaye hawezi kufunga nati bila utani. Alikuja na boksi lake la spana.

"Huyu bibi amelala sana," alisema akiizunguka. "Ngoja tumpe chai aamke."

Alitueleza kazi ya pikipiki iliyokaa: petroli ya zamani inamwagwa yote, kwa sababu inaoza na kunuka kama rangi ya mlango. Plagi inatolewa. Kabureta inaoshwa. Matairi yanajazwa upepo, na mara nyingi yanakuwa yamepasuka.

Alikinga beseni, akafungua bomba la petroli. Ilitoka safi. Alichovya kidole, akanusa, akanitazama mimi.

"Mdogo wangu, nani kaweka mafuta juzi?"

Niligeuka kuitazama stoo. Stoo ile haikuwa na dirisha.

Akapapasa matairi. Hayakupasuka. Mistari yake ilikuwa na udongo mwekundu, mbichi, wa kule darajani. Kisha akaweka kiganja kwenye injini, akakiondoa haraka, akakipuliza. Toka hapo Grisi hakutania tena.

Alitoa plagi, akaishika mkononi. Akalala chini kuangalia breki. Alikaa huko kwa muda. Alipotoka alimnong'oneza dada, lakini ua ule ni mdogo, kila mtu alisikia.

"Mama, breki hii haikukatika. Chuma kinachovuta breki ya nyuma hakina nati. Na waya wa breki ya mbele umelegezwa mpaka mwisho. Kuna alama za spana. Hii ilifunguliwa na mtu."

Mama mkwe aliachia shuka aliyokuwa anakunja.

Dada hakulia. Nilitamani alie, maana uso ule ulinitisha.

"Funga nati mpya," alimwambia Grisi. "Kaza waya. Kaza vizuri."

Grisi akafunga, akabonyeza pedali kwa mkono, gurudumu likagoma kabisa. Breki zilikuwa nzima. Majirani walikuwa wameshajaa getini. Ndipo dada alipomgeukia Komeo.

"Siku ile alipoondoka, nani alikuwa ametengeneza pikipiki yake?"

"Unanituhumu mbele za watu?"

"Nimeuliza nani."

"Wewe mwanamke huna adabu! Umevunja kufuli la watu, sasa unaniita muuaji?"

"Kama mikono yako ni safi, panda."

"Nini?"

"Panda. Petroli iko kwenye beseni. Plagi iko mkononi mwa fundi. Breki zimefungwa. Haiwezi kukupeleka popote. Kaa tu hapo juu, tukuone."

Getini mtu mmoja akasema, "Panda basi, kaka, yaishe." Mwingine akacheka. Komeo alikuwa anatoka jasho hadi kwenye nyusi. Alimtazama mama yake.

"Panda, baba," mama yake alisema. "Wafunge midomo. Kile ni chuma tu."

Na sisi sote tuliamini hivyo. Bila petroli na bila plagi, hata mtoto anajua, pikipiki ni sawa na kiti.

Alipanda.

Alikaa. Akashika usukani. Akatutazama kwa dharau, akafungua mdomo aseme neno.

Injini ikawaka.

Hakuna aliyepiga kiki. Plagi ilikuwa kwenye kiganja cha Grisi, niliiona. Injini ilinguruma mara moja, kwa hasira, kama mtu aliyezibwa mdomo miaka mingi. Mwanangu mgongoni aligutuka, akanishika nywele.

"Shuka!" Grisi alipiga kelele.

Komeo alijaribu. Niliona magoti yake yakivuta kwenda juu. Hayakwenda. Mikono yake ilijaribu kuachia. Haikuachia.

Majirani wakatawanyika getini.

Ikatoka. Haikuyumba. Ikakata kona taratibu, kama inayoijua njia. Ikashika barabara ya mteremko. Tulimsikia akiita. Hakuita mama yake. Aliita, "Kaka! Kaka!" Mpaka sauti ikaisha.

Tulikimbia. Nilikimbia na mtoto mgongoni, kanga inafunguka. Kwenye mteremko, katikati ya lami, kulikuwa na mistari miwili myeusi. Haikuwa ya matairi. Ilikuwa ya soli za viatu. Chini zaidi, mistari ikawa myekundu.

Komeo alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta wa daraja. Mzima. Macho wazi. Viatu vyake havikuwa na soli tena, na nyayo sitaki kuzieleza. Dada alichuchumaa mbele yake. Hakumgusa.

"Sema," alimwambia.

Alinong'ona. Mimi, dada na Grisi ndio tuliosikia.

"Nilifungua mimi. Nilitaka karakana." Akameza mate. "Nimekanyaga breki, shemeji. Nimekanyaga kwa nguvu zangu zote. Haikushuka. Chini ya pedali kulikuwa na mguu mwingine."

Hakusema neno tena, si siku hiyo wala siku ya pili. Tulimpeleka hospitali, na polisi wakamchukua huko baada ya sisi watatu kueleza tulichosikia. Mama yake ndiye anayempelekea chakula mahabusu, na hata yeye hajibiwi.

Pikipiki haikuwa darajani. Tuliitafuta majanini, tukaitafuta mtoni. Jioni mlinzi wa kiwanda cha mikate alimpigia dada simu, akilalamika: kwa nini ameleta pikipiki mapema na kuiacha imezuia mlango wa kupakilia, wakati kazi inaanza Jumatatu?

Ilikuwa imesimama vizuri, stendi chini, kichwa kinatazama barabara. Tangi tupu. Tundu la plagi wazi.

Grisi alirudisha plagi, akaweka petroli, akapiga kiki. Ikawaka kama pikipiki nyingine yoyote. Jumatatu dada alipakia kreti zake akaenda kazini, na anaenda hadi leo. Watoto wanakula. Wa mwisho ana viatu vipya. Karakana imerudi mikononi mwa dada, na mama mkwe siku hizi ndiye anayeanza kumsalimia.

Breki zinashika vizuri. Ila upande wa chini wa pedali, kule ambako hakuna mguu wa mtu unaofika, rangi imefutika. Chuma kimelika, kinang'aa, kina vibonyeo vitano vidogo, kimoja kikubwa kuliko vingine, kama vidole vya mguu kwenye udongo laini. Grisi alipaka rangi nyeusi. Ilifutika. Akapaka tena, akaiacha ikauke juani. Asubuhi yake ilikuwa imefutika tena, na chuma kilikuwa cha moto.

Dada amemwambia asipake tena.