Milioni Moja na Moja

Kila somo la hisabati mwalimu aliwapanga wanafunzi wawiliwawili, na kila mara alibaki mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa msichana mgeni, aliyehamia shuleni hapo baada ya mama yake kufariki. Kabla hajaja, darasa lilikuwa na watu arobaini na liligawanyika bila taabu. Alipokuja wakawa arobaini na moja, na hiyo ni namba tasa: wapange wawili, wanne au watano, lazima mmoja abaki. Wenzake wakamwita Baki. Utani huo ulimchekesha kila mtu isipokuwa mwenyewe.

Alhamisi moja mwalimu aliandika ubaoni 1,000,001.

"Je, hii ni tasa, au kuna namba nyingine zinazoigawanya mbali na moja na yenyewe? Jaribuni namba tasa zote mpaka elfu. Zikigoma zote, basi ni tasa. Kesho nataka jibu."

Baki alitamani jibu liwe lake. Alijiambia kwamba akilipata, huenda mtu akahamia dawati lake.

Jioni alikaa sakafuni kando ya cherehani ya mama mdogo, aliyekuwa akimlea. Aligawanya kwa tatu, ikabaki mbili. Kwa saba, mbili. Kumi na moja na kumi na tatu nazo vilevile, kama zilizokula njama. Alikokotoa mpaka mkono ukafa ganzi. Tisini na saba ilipogoma pia, alitupa kalamu. Kusema kweli, alianza kuipenda namba ile. Ukubwa wote huo, na haikuwa na mwenzake.

"Ni tasa," alisema.

Cherehani ilisimama. "Nani?"

"Namba, mama mdogo. Haigawanyiki."

Mama mdogo alivuta uzi taratibu. Ndoa yake ilikuwa imevunjika kwa neno hilohilo. "Mimi nilikaa kwa wakwe miaka miwili tu, wakaniita hivyo. Hakuna hata aliyenipeleka hospitali kupimwa." Akamgeukia. "Wewe umezijaribu zote?"

"Zote," alijibu Baki, macho chini.

Kesho yake mwalimu alipouliza, mkono wa Baki ulikuwa wa kwanza juu. Alisimama mbele ya darasa, neno likiwa tayari ulimini. Halafu akakumbuka cherehani ilivyosimama.

"Sijui, Mwalimu. Nimeishia tisini na saba. Nyumbani nilisema nimemaliza zote, nikadanganya."

"Baki kabakiza!" mtu alipiga kelele nyuma, darasa likaangua kicheko. Baki alirudi kwenye dawati lake akiona aibu, na upweke ukamzidi kuliko siku ya kwanza.

Mara mkoba ukatua mbele yake. Alikuwa Kasuku, msichana aliyepewa jina hilo kwa kuongea sana.

"Sogea. Inayofuata ni mia na moja. Gawanya, mimi nahakiki."

"Na mwenzako je?"

"Leo atabaki yeye. Hatakufa."

Waligawanya, vichwa vikikaribia kugongana. Ikatoka elfu tisa mia tisa na moja, na mwisho sifuri.

"Hakuna baki!" Kasuku alipayuka. Darasa zima lilicheka, na safari hii Baki naye alicheka.

"Angetuambia ni tasa, tungemwamini," mwalimu alisema. "Alikuwa amebakiza hatua moja tu. Ukiishia njiani, sema umeishia njiani, ili mwenzako aanzie hapo. Ukidanganya, unamfungia njia yeye na wewe pia."

Nyumbani Baki alieleza yote, na uongo wake akautaja. Mama mdogo aliacha kushona.

"Na hizo mbili mlizozipata, zenyewe zinagawanyika?"

"Hapana. Mwalimu kasema zote mbili ni tasa."

"Kumbe! Tasa wawili ndio waliozaa milioni nzima na moja juu?"

Mama mdogo alicheka mpaka akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa. Kisha akavuta kigoda karibu na cherehani.

"Sogea hapa, mwanangu. Nishikie huu upindo."